Siku Kumi za Jovelyn Ukutani

Mji mzima wa Tinagsaan hakuna kifua kinachotunza siri kama changu. Ya mwisho niliyopewa niliitunza kutoka mlango wa kanisa hadi kwa muuza samaki, hatua arobaini kamili, na zile kumi za mwisho nilizitembea nikiwa nimeuma kitambaa.

Kwa hiyo Nonong alipokuja kuniangushia simu yake juu ya sinia la suman ninazouza, wali wa nazi uliofungwa majani ya mgomba, nilijua amekuja mahali salama. Hakusalimu. Fundi wa mafriji, kijana mpole kama maji ya mtungini, leo macho mekundu utadhani amemenya vitunguu vya harusi nzima.

"Soma, Lola."

Lola ndiyo bibi kwetu. Mji mzima wananiita hivyo, hata wazee wenye magongo, na sijawasamehe.

"Mwanangu, miwani yangu sijui nimeiweka..."

"Iko puani, Lola. Soma!"

Nikasoma. Meseji ilitoka namba ngeni.

"Hongera bwana harusi. Nikusaidie kumjua mchumba wako. Jovelyn Magbanua. Amezaliwa kijiji cha Agdahon. Anakaa nyuma ya kinu cha mpunga, kwa Isidra Palmes. Baba yake Crisanto, marehemu. Mama yake Felicidad, mshonaji. Jiulize nimejuaje."

Chini yake nyingine:

"Nimejua kwa sababu alikuwa wangu kabla hajawa wako. Na bado ni wangu."

Nikaishika ile simu kama mtu aliyeshika kiwavi. Isidra Palmes ndiye mimi. Jovelyn ni mpangaji wangu mwaka wa pili huu, anashona sare za shule, hana kelele, hana wageni. Na mimi ndiye niliyewakutanisha. Desemba iliyopita, alfajiri, baada ya misa ya kwanza ya kuelekea Krismasi, Jovelyn alipika pancit akagawa mlangoni kwangu, maana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na kwetu siku ya kuzaliwa bila tambi ndefu ni kujiombea maisha mafupi. Nonong alikuwa amekuja kutengeneza friji langu. Alikula sahani tatu. Friji halikutengenezwa mpaka Februari.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mimi ndiye nakuuliza wewe! Anakaa kwako. Mwanamume gani anaingia kwako?"

"Kwangu? Wa mwisho alikuja kusoma mita ya umeme. Nikampa kiti, akakataa hata kukaa."

"Lola, sicheki."

"Na mimi sikuchekeshi, naeleza masikitiko yangu."

Akaanza kutembea mbele ya meza, huku na huku, kama jogoo aliyefungwa mguu.

"Unajua kinachoniua? Si kwamba ana namba yangu. Ni jina la mama! Miezi yote hii namwita mama mkwe Mama Feling. Kwamba jina lake ni Felicidad nimelijua wiki iliyopita, siku tunajaza fomu. Wiki iliyopita, Lola! Huyu bwana analitaja kama jina la mbwa wake."

"Umemuuliza Jovelyn?"

"Nikamuulize nini? Aniambie uongo mpya?" Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye ofisi ya mji. "Leo siku ya sita. Zimebaki nne. Naweza kwenda dirishani sasa hivi nikafuta jina langu."

Sheria yetu ndivyo ilivyo. Mkitaka kuoana mnajaza fomu, jina lenu linakaa ukutani siku kumi, na mwenye pingamizi aje aseme. Zamani karani alichapa mistari miwili tu: fulani wa kijiji fulani anataka kumuoa fulani. Mwaka huu ofisi imepata ukurasa wake mtandaoni, na karani wetu Doray, msichana mwepesi, akaona kuchapa ni kupoteza muda. Anapiga picha fomu nzima, juu mpaka chini, mpaka namba za simu, anaibandika ukutani na kuirusha mtandaoni. Ukuta wa ofisi yetu unasomwa na mimi na mbuzi wa padri. Ule wa mtandaoni unasomwa na nani, Mungu ndiye anajua.

"Hujaona mioyo watu waliyotutumia mtandaoni?" Nonong akanikazia macho. "Mji mzima umeona."

"Simu yangu imekufa tangu Jumapili," nikasema. "Ilidumbukia kwenye tui la nazi."

Jovelyn akatokea na mwavuli wake, anakuja kununua chakula cha mchana. Alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu lilifika nusu ya barabara likarudi.

"Nonong? Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Kumbe una mume mwingine, ungeniambia tugawane siku."

"Unasema nini wewe?"

Akampa simu. Jovelyn akasoma meseji ya kwanza, midomo ikikauka mstari kwa mstari. Hajamaliza, ikalia mkononi mwake. Ya tatu.

"Mwambie Jovy nimemwachia dawa yake mlangoni."

Akakaa chini. Si kwenye benchi, chini, kwenye vumbi, na sketi yake ya kazi.

"Jovy ni nani?" Nonong akauliza.

Alininyooshea mkono nimwinue. Tukaenda nyumbani mimi na yeye tumeshikana mikono, Nonong nyuma yetu akinung'unika peke yake. Kwenye komeo la lango langu palikuwa na kidonge kimoja cha kuumwa kichwa, kimekatwa kutoka kwenye pakiti yake, kimefungwa kwa uzi mwekundu.

"Anaitwa Wendell Escarda," Jovelyn akasema, mgongo wake ukiwa umegusa ukuta. "Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa jijini Iloilo. Kifuani nilivaa kibandiko, kimeandikwa Jovy, basi. Alikuja kila siku ananunua kidonge kimoja. Kimoja tu! Kesho anarudi kununua kingine. Nikaambiwa ana mapenzi, nikacheka. Halafu akaanza kunisubiri nikifunga duka. Halafu akawa anajua basi ninalopanda. Siku moja akanishika mkono akaniambia, siku ukiwa na mwingine nitakuja nikuchukue."

"Kwa hiyo unamjua," Nonong akasema.

"Namjua kama unavyomjua mbwa anayekufukuza."

"Mbwa hajui jina la mama yako!"

"Nonong..."

"Hajui kijiji ulichozaliwa! Hajui baba yako ni marehemu! Mtu aliyekuuzia... sijui uliyemuuzia dawa, amejuaje kwamba mama yako ni mshonaji? Mlikuwa mnapimana homa?"

Ningemzaba kofi, lakini Jovelyn alinitangulia kwa maneno.

"Miaka miwili sijaweka picha yangu popote. Nimebadilisha namba mara tatu. Mama yangu mzazi hajui mtaa ninaokaa, nilimwambia asiniulize ili asije akalazimishwa kusema. Nilijificha vizuri, Nonong. Nilijificha vizuri sana, mpaka niliposaini karatasi ya kuolewa na wewe."

Nonong akatazama kidonge. Akatazama viatu vyake.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ungeuliza swali lile lile analouliza kila mtu. Kwa nini akufuate wewe? Ulimfanyia nini?"

"Mimi nisingeuliza hivyo."

"Umekuwa ukiuliza tangu tulipotoka barabarani!"

Nonong akaondoka. Wivu ni kama kunguni: unaunguza godoro, unapaka chokaa, ukilala bado unajikuna. Nilimwona akipinda kona ya kinu anajikuna.

Jovelyn akavuta sanduku lake chini ya kitanda.

"Lola, kesho nitakuwa nimeondoka. Kodi ya mwezi nitakuachia."

"Unakwenda wapi?"

"Nikikuambia utakuwa unajua."

Hilo lilinichoma mahali ambapo sikutaka kuguswa. Nikamwambia namwomba anipe siku moja. Nikatia kufuli langoni, nikamwita mkuu wa mtaa wetu na walinzi wake wawili waje kukaa barazani, nikawalisha suman mpaka wakashindwa kuinuka. Hapo hata wangetaka kukimbia kazi wasingeweza.

Asubuhi kabla ya wateja nilivuka barabara kwenda kusoma ukuta. Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nasoma polepole, na mtu anayesoma polepole haruki mstari. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Makazi. Baba, na kama yu hai. Mama, na kazi yake.

Nikasimama hapo mdomo wazi. Nikaenda moja kwa moja kwenye karakana ya Nonong. Kichwa chake kilikuwa ndani ya friji la watu.

"Toa kichwa humo, hasira haigandi."

"Niache, Lola. Nina kazi."

"Chukua simu, twende ukutani."

"Sitaki kuona hilo tangazo."

"Twende, au nitamwambia kila mtu kwamba ulilia mbele ya suman zangu."

Akaja. Nikamsimamisha mbele ya fomu, simu mkononi.

"Mstari wa kwanza kwenye fomu?"

"Jina."

"Kwenye meseji?"

"Jina."

"Wa pili?"

"Mahali pa ku..." Akanyamaza. Kidole chake kikashuka kwenye karatasi, kikapanda kwenye simu, kikashuka tena. Makazi, makazi. Baba, baba. Mama, mama.

"Amenakili," akasema.

"Kama mtoto wa darasa la kwanza. Na tazama hapa, kwa Isidra Palmes. Nani duniani ananiita Isidra? Marehemu mume wangu miaka thelathini na minne aliniita 'We'. Mwanamume anayemjua Jovelyn angesema anakaa kwa Lola Ising, kama mji mzima unavyosema."

Nilidhani atapiga magoti pale pale. Mwenye wivu hapigi magoti upesi. Akakuna shingo.

"Labda alisoma hapa. Na labda pia alikuwa naye. Yote mawili yanawezekana."

"Mungu wangu, kichwa hiki kimebaki ndani ya friji!"

Simu ikalia. Ile namba. Nikambana Nonong mkono, nikamwambia aweke sauti juu.

"Bwana harusi," sauti ikasema, laini, imepakwa mafuta. "Kesho saa nne nitakuwa dirishani kwenu. Nina pingamizi. Nilikaa naye kinyumba miaka miwili. Ukiwa mwanamume, usije ukajiaibisha."

"Nitakuja," Nonong akasema. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama kama kamba ya kuanikia.

"Njoo. Uone atakavyoniangalia."

Ikakatika. Nonong akanigeukia.

"Unaona? Anajiamini."

"Muuza nyama mbovu naye anajiamini. Kesho usimpige, usimtukane. Niachie mimi. Wewe kazi yako ni kusimama karibu na Jovelyn."

"Atakubali nisimame karibu naye?"

"Hilo sikuahidi."

Jovelyn hakutaka kuja. Nilimwambia: ukikimbia leo, kila karatasi utakayosaini maisha yako yote itakuwa ya kumwitia huyu mtu. Akafungua sanduku akatoa gauni lake zuri, lile la kijani.

"Kama ananifuata, anikute nimesimama," akasema.

Saa nne Wendell Escarda alikuwa dirishani. Shati limepigwa pasi, nywele zimelazwa, bahasha kwapani. Mtu wa kawaida kabisa, miaka arobaini hivi, ungemwachia mkoba wako. Doray ndani ya dirisha, mkuu wa mtaa na walinzi wake wawili kando ya ukuta. Foleni ya watu wa vyeti vya kuzaliwa nyuma yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka tena.

"Jovy," akasema alipomwona. "Niliona picha yako. Umenenepa kidogo. Umependeza."

Nilimwona Jovelyn akishika ukingo wa dirisha. Nonong akasogea, akasimama bega kwa bega naye. Hakumgusa.

"Pingamizi lako ni nini, bwana?" Doray akauliza, akichukua kalamu.

"Huyu ni mke wangu kwa mapenzi. Miaka miwili chini ya paa moja. Mama yake Felicidad ananijua. Siwezi kukaa kimya aolewe na mtengeneza friji."

Foleni ikaguna. Nonong akavuta pumzi, nikamkanyaga mguu. Nikajisogeza na sinia langu.

"Karibu, mwanangu. Maskini, umetoka mbali. Chukua suman."

"Asante, mama."

"Miaka miwili ni mingi. Ulimtunza?"

"Kama yai, mama."

"Anapenda kula, huyu. Ulimpikia?"

"Nilimpikia, nilimfulia."

"Mwanamume wa hivyo ndiye niliyemkosa mimi." Nikafuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Na siku yake ya kuzaliwa? Maana wengine wanasahau, na mwanamke hasahau kusahauliwa."

"Nisahau?" Akageuka ili foleni yote imsikie. "Miaka yote miwili nilimpikia pancit kwa mikono yangu. Tarehe tisa Juni. Mwaka wa kwanza ya kuku, wa pili ya kamba. Tukala mimi na yeye, mvua ikinyesha nje. Muulizeni kama ni uongo!"

Foleni ikageuka kumtazama Jovelyn. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa siku tatu: Nonong anacheka. Alianza taratibu, puani, halafu mabega yakafuata.

"Tisa Juni," akasema. "Lola, amesema tisa Juni!"

"Kwani vipi?" Wendell akauliza.

Jovelyn akaachia ukingo wa dirisha. Akasimama wima, na sauti yake ilifika mpaka mwisho wa foleni.

"Mimi nimezaliwa tarehe kumi na sita Desemba, alfajiri, kengele za misa ya kwanza zikilia. Kijijini kwetu hakukuwa na barabara, baba hakuniandikisha. Nilipofika umri wa kuanza shule akashuka mjini, karani akamuuliza tarehe, akasahau kwa woga. Karani akaandika ya siku ile ile waliyokuwa wamekaa hapo. Tisa Juni ni siku baba yangu alipokwenda ofisini, bwana. Sijawahi kuipikia hata yai. Kila aliyekula nami anajua Desemba. Tisa Juni iko mahali pamoja tu."

Wote tukageuka kutazama ukuta. Mbuzi wa padri naye akageuka.

Wendell akarudi nyuma hatua moja. Akapeleka mkono mfukoni, na mkono ulipotoka, pakiti ya vidonge ikaanguka sakafuni, na kibunda kidogo cha uzi mwekundu kikabiringika mpaka kwenye viatu vya walinzi wangu. Safari hii suman zilikuwa zimeshashuka tumboni, wakainuka vizuri. Wakamkamata huku na huku, mkuu wa mtaa akaokota uzi, wakampeleka polisi, Jovelyn akiwafuata nyuma kuandika maelezo, na Nonong akimfuata Jovelyn hatua tatu nyuma.

Waliporudi ilikuwa alasiri. Doray alikuwa amebandua fomu, macho yamevimba.

"Ukutani nimetoa, mtandaoni nimefuta," akasema. "Lakini dada, watu wameshaihifadhi. Siwezi kuingia simu za watu. Nisamehe."

"Ya kesho utachapa mistari miwili?" Jovelyn akamuuliza.

"Miwili. Naapa."

Tukakaa kwenye benchi langu. Nonong alikaa mwisho kabisa, tako moja hewani.

"Jovelyn."

"Mm."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa. Endelea."

"Niliumia kwamba anajua vitu ambavyo mimi sikuvijua. Kumbe alijua karatasi."

"Wewe ulikuwa unajua Desemba. Ulikula sahani tatu. Na bado ukamwamini yeye."

Nonong akainamisha kichwa. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Nikae nje ya lango lako usiku wote, mpaka ziishe siku nne?"

"Zimebaki mbili, hata kuhesabu hujui." Akasogea kidogo, tako la pili la Nonong likapata benchi. "Na Desemba hii pancit unapika wewe. Ya kuku na kamba."

Nikaanza kukusanya majani ya mgomba, moyo mweupe. Ndipo Jovelyn akasema:

"Kitu kimoja sijakielewa. Alisema ameona picha yangu. Fomu haina picha. Na yeye jina langu kamili hakulijua, alimjua Jovy tu. Bila picha asingejua kwamba Jovelyn Magbanua ni mimi."

Nonong akatoa simu, akatafuta.

"Hii hapa. Kuna mtu alichukua lile tangazo akaliunganisha na picha yetu tunakula suman. 'Hawa wanaoana, leteni zawadi nyuma ya kinu!' Mioyo mia tatu. Wenzako wa duka la dawa wameisambaza, ndiyo maana ikamfikia. Anajiita... Ua la Mlimani. Picha yake ni ya waridi. Umri, miaka kumi na tisa."

"Ua la Mlimani ndiye nani?" Jovelyn akaniangalia. "Lola, wewe unamjua kila mtu."

"Vijana wa siku hizi!" nikasema, nikikunja majani haraka kuliko yanavyokunjika. "Hawana adabu kabisa. Mimi nitawajulia wapi mambo ya mtandao, simu yangu imekufa tangu Jumapili, ilidumbukia kwenye tui."

"Kweli, pole," Jovelyn akasema. "Basi ngoja nimwandikie mwenyewe."

Akachukua simu ya Nonong. Akaandika maneno mawili matatu, taratibu, akaniangalia usoni, akabonyeza.

Ndani ya aproni yangu, upande wa moyo, kitu kikalia: ti-ri-ring.